Glavu Iliyooshwa Mara Saba

Njooni mkae, enyi watu wa Darsait na Ruwi na Hamriya, nanyi mlio mbali mnaotusikia kwa simu. Sogezeni vikombe vya kahawa, punguzeni sauti ya televisheni, kwa maana mimi Saeed bin Hamood nimeazimia kuwasimulia vita ambavyo mfano wake haujaonekana tangu wazee wetu waliposhuka kutoka Unguja na masanduku yao na kuanza kulalamika kwamba Maskati haina embe za maana. Sitazidisha wala sitapunguza, ila pale penye haja. Niliyaona yote kwa macho yangu mawili, mengi nikiwa nimekaa, kwa sababu mwandishi wa tarehe na historia akisimama hukosa utulivu, na kazi yangu inataka utulivu mwingi na chai.

Shujaa wa habari hizi ni shemeji yangu, Thabit bin Khattab, mume wa dada yangu Shaikha, mstaafu wa wizara, Nguzo ya Sebule, Mwenye Kitambi Kisichotikisika. Katika miaka yote niliyoishi naye nyumba moja sijapata kumwona akikimbia, hata siku ile mvua ilipotukamata Matrah naye amevaa dishdasha mpya, hiyo kanzu yetu. Msidhani ni mvivu. Mvivu wa nyumba ile ni mimi, na cheo hicho sikigawi. Thabit huamini tu kwamba kila kitu kitamfikia kikiwa tayari, na kwa umri wake mambo mengi yamekwisha kumtii.

Na mwanawe ndiye Jaifar, Mkono wa Radi, anayesomea uhandisi katika chuo kimoja cha Marekani kwenye jimbo la baridi kali. Huko hakupelekwa na mali ya baba yake. Alipelekwa na mkono wake wa kulia, kama nitakavyoeleza.

Wamarekani wana mchezo uitwao besiboli. Mtu mmoja husimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja na kumrushia mpira mwenzake aliyeshika gongo. Huyo wa gongo akipiga hewa mara tatu hutolewa, na watazamaji hula njugu kwa furaha. Hayo ndiyo niliyoelewa mimi, na Jaifar alipojaribu kunifahamisha zaidi niliumwa kichwa. Yeye ndiye mrushaji. Na ufundi huo hakuupata kwa mwalimu yeyote, aliupata uani kwetu Darsait, akipopoa kungu mtini kwa mawe, tena kwa kuchagua, akisema nataka ile nyekundu ya kule juu, na ile nyekundu ya kule juu ikaja chini. Alipofika chuoni, siku moja akamrushia rafiki yake chungwa kutoka upande huu wa kiwanja hadi upande wa pili, likamfikia kifuani. Kocha wa timu alikuwa anapita. Tangu siku hiyo chuo kinamsomesha bure, maadamu timu inamtaka.

Maadamu timu inamtaka: hayo maneno yashikeni. Mwaka huu timu ilimpata mrushaji mwingine, jitu la huko huko, na kocha alikuwa amewaandikia wote wawili kwamba siku ya pili baada ya kuwasili watapimwa uwanjani na mmoja tu ndiye atakayebaki. Atakayeachwa atajitafutia ada mwenyewe, na kwetu maana yake ilikuwa kurudi nyumbani na uhandisi nusu. Jaifar aliyasema haya mezani mara moja tu, kwa sauti ndogo, siku za mwanzo za likizo. Baba yake alitikisa kichwa na kuomba apewe achari. Thabit hakuwahi kuupinga mchezo ule, lakini pia hakuwahi kuuliza juu yake hata swali moja. Aliuita mchezo wako, kama mtu anavyosema mguu wako au paka wako, na hapo mazungumzo yakaisha.

Sasa naomba mtulie, maana anaingia mama yangu.

Bi Zakiya binti Muatasim, mama yangu mimi na Shaikha, bibi yake Jaifar na mkwewe Thabit, ni Amiri wa Birika na Ndoo, Mlinzi wa Tohara ya Nyumba, ambaye mbele ya miguu yake hakuna zulia lililowahi kupona. Katika nyumba yetu kitu kikitiliwa shaka huoshwa, na kikiwa hakina shaka huoshwa pia ili kisije kupata. Bibi huyu anampenda Jaifar kuliko anavyotupenda sisi wengine wote tukijumlishwa, na hilo hatumlaumu. Sisi tumemzoea na yeye ametuzoea.

Jaifar alikuwa na glavu yake ya kudakia mpira, kitu cha ngozi kikubwa kama sahani ya biriani, kinachovaliwa mkono mmoja tu, wa kushoto, na mkono wa kulia ukabaki huru kwa kurushia. Alikuwa nayo misimu mitatu. Ilikuwa imelainika kwa jasho lake hata ikajua vidole vyake, na mpira ukiigusa tu, ilijifunga yenyewe. Tena alikuwa na tabia ya kuiacha popote, na siku moja aliiacha juu ya kitanda cha bibi yake, kile kile anachokalia akisoma Msahafu.

Basi jirani yetu Bi Wadha, ambaye hajapata kufika Marekani lakini ana habari zake zote, alikuja kunywa kahawa, akaiona, akasema kwamba amesikia ngozi nyingi za huko ni za nguruwe. Akamaliza kahawa yake, akaenda zake. Mama yangu hakumuuliza mtu. Baadaye alitueleza kwa nini: akiuliza atajibiwa, na jibu likiwa baya itabidi aseme na mtoto, na mtoto atatahayari mbele ya wazee siku chache kabla ya kusafiri. Kwa hiyo, siku moja kabla ya safari, Jaifar akiwa Bustan kuwaaga jamaa, Bi Zakiya aliichukua glavu kwa ncha za vidole, akaipandisha darini kwenye bomba la tangi, akaiosha mara saba, mojawapo kwa udongo alioutoa katika chungu cha mrehani, kama inavyooshwa najisi iliyo nzito. Kisha akaianika juani, Maskati, mwezi wa Agosti. Alifanya hivyo kwa mapenzi matupu, na akashuka akiwa na moyo mweupe.

Ikapambazuka siku ya safari. Dada yangu Shaikha, Jemadari wa Masanduku, alikuwa amepiga magoti juu ya sanduku la mwanawe tangu alfajiri, akisukuma halwa hapa na visheti pale na bizari katikati ya soksi, akakuta pengo lenye umbo la glavu na glavu haipo. Akauliza. Bi Zakiya akajibu kwa upole kwamba iko juu, keshaitoharisha, aichukue tu. Akarudi chumbani kwake kusoma Yasin ya msafiri.

Jaifar akapanda darini, akakaa huko kitambo, akashuka. Glavu ilikuwa imekuwa papa mkavu. Ilisimama wazi mkononi mwake, imekakamaa, vidole vyote vimeelekea mbinguni, na alipojaribu kuifunga ililia kama mlango wa stoo. Yule kijana hakwenda kwa bibi yake wala hakusema neno ukumbini. Aliingia jikoni tulipokuwa mimi na mama yake, akafunga mlango, akaiweka glavu mezani.

"Mama, haifungi," akasema. "Nimejaribu kwa mikono miwili."

"Bibi yako asijue," akasema Shaikha. "Umenifahamu, Jaifar? Akikuuliza mwambie nzuri, ahsante."

"Ntamwambia nzuri. Lakini kocha yeye haniulizi."

Ndipo Thabit bin Khattab alipofungua mlango akitafuta chai, akatukuta tumesimama kama watu wa matanga. Akaelezwa. Akaitazama ile glavu, akaigonga kwa kucha, ikatoa sauti ya ubao. Akauliza kama hakuna nyingine madukani, na Jaifar akamjibu kwa adabu kwamba hata ikipatikana, mpya huchukua miezi kulainika. Hata hivyo Nguzo ya Sebule ikaweka kikombe chini. Chai ilikuwa haijanywewa, nami nikajua kwamba jambo limekuwa kubwa.

Tukatoka kuelekea Hamriya, mimi na yeye, tukapita duka kwa duka la vifaa vya michezo, na kila muuzaji tuliyemwonyesha picha ya glavu kwenye simu alitabasamu kama mtu aliyefahamu, akaingia ndani, akatuletea glavu za kriketi. Mmoja alituletea na kofia ya chuma. Tukarudi na mpira wa kriketi tusiouhitaji, kwa sababu Thabit huona haya kutoka dukani mikono mitupu. Njiani hakusema kitu mpaka kwenye taa za barabarani, akaniambia huku anatazama mbele, "Saeed, mtoto huyu hajapata kunitaka kitu." Ilikuwa kweli, lakini taa zilikuwa zimekwisha kubadilika na watu wa nyuma wanapiga honi.

Tuliporudi, Jaifar alikuwa ameongea kwa simu na wachezaji wenzake wa ng'ambo, akapewa dawa: ngozi ipakwe mafuta, ipondwe, ikaliwe, kisha itiwe mpira ndani na kufungwa kwa nguvu ikae hivyo hivyo. Hapo ndipo vita vilipoanza, enyi wasikilizaji, na aliye na moyo mwepesi aende akaangalie wali wake.

Shaikha akaleta mafuta ya nazi yanayotoka Unguja, yale anayojipaka nywele na ambayo mimi sijaruhusiwa hata kuyanusa, akayapasha moto, akayamimina yote. Kinu kikageuzwa chini juu. Glavu ikavikwa kanga, ikalazwa juu yake, na Thabit bin Khattab, Simba wa Darsait, akavua kofia, akakunja mikono ya dishdasha, akaunyanyua mchi wa mkwewe kwa mikono ile iliyokuwa haijanyanyua kitu kizito kuliko faili tangu enzi za ujana wake, akaushusha. Na alipoushusha vikombe vilitikisika kabatini, na alipoushusha tena paka akahama, na jasho likamtoka shujaa likashuka kwenye ndevu zake nyeupe, naye hakulipangusa. Mimi niliyekuwa kwenye kiti nikaona ni wajibu wangu kumtia moyo kwa khutba.

"Ewe mwana wa Khattab," nikasema, "ponda, kwani ngozi hii imeasi! Babu zako walivuka bahari, wewe utashindwa na kipande cha ng'ombe? Ponda, na ukoo mzima unakutazama!"

"Mjomba, samahani," akasema Jaifar, "inuka kidogo, umeikalia kanga ya pili."

Nikainuka. Baada ya kuponda kukaja kukalia. Glavu ikawekwa baina ya mito miwili, na Thabit akaikalia kwa uzito ule ule ambao daktari wake humlaumia kila miezi michache, uzito ambao siku hiyo kwa mara ya kwanza ulikuwa na faida kwa taifa. Akaikalia akinywa chai yake iliyopoa, bila kutikisika. Kisha ukatakiwa mpira wa Jaifar mwenyewe, ule mweupe wa besiboli, utiwe ndani na kitu cha kuufungia, chenye nguvu lakini laini. Kamba ilikwaruza, mkanda ulikuwa mfupi. Thabit akaenda chumbani, akarudi na kilemba chake cha Idi, kile cha Kashmiri anachokikunja mwenyewe asikiguse hata mkewe, akaizungushia glavu ya mafuta akaikaza kwa fundo. Jaifar alikitazama kile kilemba kikinywa mafuta, akamtazama baba yake, akasema ahsante, baba.

Fundo lilipofunguliwa ngozi ilikuwa imelegea, lakini imelegea vipi hakuna aliyejua. Jaifar alikuwa ndiyo kwanza anataka kuivaa mlango ulipofunguka.

"Nani anatwanga," akauliza Bi Zakiya, "na mie sijasema kuna cha kutwangwa?"

Akauona mchi wake. Akaiona kanga, na chupa ya mafuta tupu, na kilemba cha Idi, na mkwewe aliyesimama kichwa wazi mbele yake, jambo ambalo Thabit hajalifanya tangu siku ya harusi. Thabit akainamisha uso, akasema, "Mama, tunailainisha kidogo tu," kwa sauti ya mtoto aliyeshikwa na sukari guru. Bi Zakiya akaipokea glavu kwa Jaifar, akaigeuza, akaikunja, akaisikia ikilia. Akili ya mama yangu haijapata kuzeeka.

"Ngozi ya mnyama gani hii?"

Jaifar akatutazama sote. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Ng'ombe, bibi."

Akakaa kwenye kiti changu. Akawa anaupitisha mkono juu ya glavu kama anayempangusa mtoto uso.

"Nimeiosha kwa udongo ngozi ya ng'ombe," akasema. "Nkaianika juani. Chombo cha mtoto cha kazi." Kisha akanyanyuka, akampa Thabit ile glavu. "Mie mtu mzima, kila mtoto huyu akiondoka hujiambia pengine ndo mwisho kumuona. Safari hii ndo nimpeleke na mkono mbovu nlouharibu mwenyewe? Siwezi kumtazama. Sitotoka kumuaga. Ntatoka nikiona hichi kitu kinadaka mpira."

Akaenda chumbani kwake, akafungua dirisha linalotazama kichochoro, akavuta kiti, akakaa.

Kwa wale msiotujua, naeleza uzito wa neno hilo. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kupanda ndege kabla Bi Zakiya hajamwekea mkono kichwani na kumpa radhi zake. Hata mimi, nilipokwenda Dubai siku mbili kununua kochi, niliwekewa. Jaifar akasema wazi kwamba bila radhi ya bibi yeye haendi, ndege na iende. Shaikha akatazama saa, akalia kidogo, akarudi kwenye sanduku. Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: glavu isipodaka, bibi hatoki, bibi asipotoka, mtoto hasafiri, mtoto asiposafiri, jitu la huko litapanda kwenye kichuguu bila mpinzani.

Tukashuka kichochoroni. Jua la baada ya adhuhuri lilikuwa limesimama juu ya Darsait bila huruma, viyoyozi vikitutonea maji shingoni. Ilionekana wazi kwamba Jaifar avae glavu adake na mwingine arushe, na kwa kuwa sikuzaliwa mwoga, nilijitolea. Nikaushika mpira, nikakumbuka ujana wangu, nikaurusha kwa nguvu zangu zote. Ukapaa, ukaenda upande ambao sikuukusudia, ukagonga dishi la satelaiti la jirani yetu Musallam. Musallam akatoka na wizari kiunoni na fulana kuuliza kuna nini, akaelezwa, akaleta kiti chake. Nikaurusha tena, na safari hii Musallam akahamisha kiti. Kutoka dirishani mama yangu akaniambia nikae chini kabla sijaua mtu.

Ikabaki njia moja. Mrushaji mmoja tu alikuwepo katika mtaa mzima, kwa hiyo yeye arushe, na mwingine avae glavu. Tukatazamana.

"Lete," akasema Thabit.

Akaivaa mkono wa kushoto, akatembea taratibu hadi mwisho wa kichochoro, akageuka, akajipanga mbele ya ukuta na kitambi chake mbele kama ngao. Jaifar akamwapia kwamba atarusha kwa robo ya nguvu zake. Akarudi nyuma, akanyanyua goti, akazunguka, mpira ukatoka. Na mkono wa kulia wa Thabit, ule mtupu, ukachomoka wenyewe kuupokea. Mpira ukampiga vidole. Akavipuliza, akautwaa mpira chini, akaurudisha kwa kuubiringisha, akasema, "Tena." Wa pili ukaja, na mkono wa kulia ukatoka tena, huku ule wa kushoto na glavu yake ukiwa umening'inia pembeni kama mgeni asiyejua pa kukaa.

Hapo Musallam akacheka, lakini mimi sikucheka, maana nilijua anapigana na nani. Yule ni mtu aliyelelewa kwamba kitu hakipokelewi kwa kushoto, si mkate, si salamu, si hata risiti. Na aliyekuwa anamtazama dirishani ni mkwewe, ambaye katika nyumba ile amezaba vikofi mikono ya kushoto ya watoto wote, mimi nikiwa wa kwanza, na ambaye mbele yake Thabit tangu alipooa hajawahi kunyoosha mkono ule hata kuomba chumvi. Akauficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akaukamata kwa dishdasha. Mpira wa tatu ukaja, mkono wa kushoto ukanyanyuka nusu, ukaona haya, ukashuka, na Mwenye Kitambi Kisichotikisika akapigwa kitambini, na kwa mara ya kwanza kikatikisika.

"Baba, basi," akasema Jaifar. "Utaumia. Tuache."

"Rusha."

"Baba."

"Nimekwambia rusha, mwanangu."

Ndipo sauti ikatoka dirishani, si kubwa, na kichochoro kizima kikageuka kuitazama, hata mafundi wa gereji ya mtaa wa pili waliokuwa wamekuja kutazama.

"Thabit, baba, nsikilize. Pokea kwa kushoto. Mie ndo nlowakataza na mie ndo nnokuruhusu. Pokea, hapana aibu."

Enyi mliohudhuria na mlioghibu, mashahidi na wazushi, wenye vitabu na wenye simu, sikilizeni sasa, kwa kuwa sitairudia: Jaifar bin Thabit, Mkono wa Radi, aliyesahau ahadi ya robo au aliyeona haifai tena, akanyanyua goti, akajikunja, akajikunjua, na mpira mweupe ukaondoka mkononi mwake ukinguruma, ukapita kiyoyozi cha Musallam na nguo zake alizoanika, ukapita uso wangu mimi mwandishi wenu karibu kuliko nilivyopenda, na kule mwisho wa kichochoro Thabit bin Khattab, mstaafu, mwenye sukari na goti bovu, akapiga hatua moja mbele, akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya mkwewe na mbele ya watu, akaufumbua. Ukasikika mshindo kama wa nyama ikitupwa kwenye mafuta ya moto. Glavu ikajifunga.

Thabit akaisogeza glavu kifuani, akaifungua kidogo, akachungulia ndani kama anayehakikisha kwamba kuku ametaga. Mpira ulikuwamo. Akaunyanyua juu ili dirisha lione, na dirishani hakuna mtu, kwa sababu mama yangu alikuwa keshafika mlangoni na kandambili za mkwewe miguuni, anakuja.

Akamwekea Jaifar mkono kichwani, na ilibidi yule kijana apige magoti kwenye vumbi ili ufike. Akamwombea kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, akamlia kidogo begani, akamsamehe aliyoyafanya na atakayoyafanya ila uvutaji wa sigara. "Nenda, bibi yuko radhi nawe," akasema. "Na wakikuuliza huko kwa nini glavu yako ina harufu ya nazi, waambie kwetu vitu huoshwa."

Safari ya uwanja wa ndege niliendesha mimi, kwa kuwa shujaa hakuweza: hakutaka kuivua glavu. Jaifar aliyekuwa nyuma na mama yake aliiomba kwa adabu, akaambiwa tutafika kwanza. Thabit alikaa mbele, mkono wa kushoto mapajani, akiufunga na kuufumbua, na kila ulipojifunga alitikisa kichwa kuukubali. Pale kaunta aliivua mwenyewe, akaipangusa kwa pindo la dishdasha yake, akamvisha mwanawe kama anavyovishwa mtoto kiatu. Kiganja chake kilikuwa kimevimba chekundu. Wakakumbatiana, na hawakusema kitu ambacho mwandishi alikisikia, na aliyekuwa karibu nao kuliko mimi ni Shaikha, naye hasemi.

Tukarudi Darsait. Tulipokaribia nyumbani Thabit alikitazama kiganja chake kwenye mwanga wa kioo cha gari, akaniuliza, "Saeed, huo mchezo wao unaonyeshwa chaneli gani?"

Nikamwambia sijui. Akasema tutaitafuta.

Basi na iandikwe katika tarehe za Maskati, baada ya ngome zake na kabla ya barabara zake mpya, isomwe kwa wanaojua na wasiojua, kwamba siku ile, katika kichochoro cha nyuma, mpira mmoja ulidakwa kwa mkono wa kushoto, kwa idhini ya Bi Zakiya.